Pigmenti haizibi nibu nyembamba, kukauka ndio kunaziba

"Fundi, hii wino ya permanenti iko na chembe kubwa, imeziba nibu yangu."

Hiyo maneno naiskia kila mara hapa Kisumu, na wale wa Nakuru wanaonitumia kalamu kwa matatu wanaiandika hivyo hivyo kwa kikaratasi, utadhani walikaa darasa moja. Wakili anasema, mwalimu anasema, vijana wa kuchora wanasema, halafu kila mmoja anamalizia na ile ya "na niliambiwa nisijaribu na ekstra fain," yaani ile nibu nyembamba sana. Nani huyo anawaambianga? Leo wacha niandike yote mahali pamoja ndio nikiulizwa tena niwe natuma hii tu.

Tuanze na hesabu juu hesabu haina maneno mengi. Hiyo permanenti wanayoilalamikia mara nyingi ni wino wa pigmenti. Ule uliotengenezewa kalamu za nibu (nibu ni ile ncha ya chuma ya kuandikia), tuseme Platinum Carbon ama Sailor Kiwaguro, chembe zake zinapimwa kwa nanomita, na milimita moja iko na nanomita 1,000,000. Tuchukue chembe kubwa kiasi, ya nanomita 200. Mwanya wa nibu, ule mpasuko wino unapopitia, ukikatwa unakuwa na upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, hiyo ni nanomita 100,000, kwa hivyo chembe 500 zinaweza kupita hapo zikiwa zimejipanga bega kwa bega. Utaniambia huko nchani mwanya unabana, na kwa ekstra fain unabana zaidi. Sawa, unabana. Hata ukibana mara kumi bado chembe 50 zinapita pamoja bila kusukumana. Sasa hiyo chembe kubwa ya kuziba iko wapi?

Kinachoziba ni kukauka. Pigmenti si rangi iliyoyeyuka kwa maji, ni unga unaoelea ndani ya maji na kuna dawa imewekwa kuzuia chembe zisishikane. Maji yakiondoka chembe zinashikana, na zikishashikana ni kama simiti, mwagia maji vile unataka, haitarudi kuwa unga. Na hiyo ndio sababu tunaununua! Unataka hati yako ikinyeshewa maandishi yabaki, sasa kitu kilekile kinachoshika kwa karatasi kisitoke ndicho kitashika kwa nibu kisitoke ukikiacha kikauke hapo. Huwezi kutaka kimoja ukakataa kingine.

Kwa nini basi nibu nyembamba ndio zinalia sana kuliko midiamu, zile za unene wa kati? Kwa sababu ncha yake inabeba wino kidogo sana na mtiririko ni mdogo, kwa hivyo ukiacha kofia wazi ukifikiria sentensi, ama mtu amekupigia simu na kalamu iko mezani, ule wino wa nchani unakauka haraka kabla mwingine haujashuka kuulowesha. Joto la Kisumu saa nane mchana linafanya hiyo kazi vizuri sana. Nakuru nayo ukifika Januari na Februari, ule upepo mkavu na vumbi lake, mambo ni yaleyale. Ukiona mstari wa kwanza haujatoka vizuri, hiyo ndio dalili, na hapo ndipo watu wengi wanaharibu.

Nikwambie vile wanaharibu. Kalamu inaletwa, natoa lensi, ile ndogo ya sonara, naangalia ncha. Kuna ganda jeusi limekaa juu ya mwanya kama milimita moja kutoka nchani, linang'aa kidogo, hilo ni wino mkavu na linatoka, halina shida. Lakini pembeni ya ganda naona mikwaruzo miwili mitatu imenyooka, na miguu ya nibu imeachana, mmoja umeinuka kuliko mwenzake. Namwuliza mwenyewe, "Ulipitisha wembe?" Kimya. Halafu "kidogo tu, fundi." Wembe ni chuma kigumu na kina makali pande mbili, ukiupitisha kwa mwanya wa ekstra fain umekwangua kuta na umefungua miguu, na mwanya ukifunguka sana kule nchani wino haushuki tena kabisa, hata ukitia maji matupu. Halafu tunasema ni pigmenti. Mimi natumia kipande cha brasi nyembamba, ile laini, na si kila wakati, na siingizi kwa nguvu. Wewe nyumbani usiingize kitu chochote tafadhali. Loweka.

Kuna wengine nao wanaleta kalamu ambayo kweli imeziba mpaka ndani ya fidi, ile plastiki chini ya nibu inayoleta wino, hiyo nakubali, lakini nikiuliza ni wino gani naonyeshwa chupa ya Indian inki ya kuchorea kutoka duka la vitabu. Jamani! Indian inki imewekwa shelaki ndani, ama akriliki siku hizi, hizo ni gundi, ni za brashi na za nibu ya kuchovya unayoipangusa ukimaliza. Ukiitia kwa kalamu ya nibu umeweka vanishi kwa fidi. Chupa imeandikwa "permanenti," imeandikwa "waterproof," imeandikwa kila kitu kizuri, lakini haijaandikwa ni ya kalamu ya nibu, na kama haijaandikwa hivyo usitie. Nafikiri nusu ya hii sifa mbaya ya pigmenti ilitoka hapo, mtu mmoja alitia Indian inki akaambia kumi.

Kabla ulaumu wino, pima kofia. Toa kofia, weka mdomo kwa upande wazi uzibe vizuri, halafu puliza. Hewa ikitoka kule juu ama karibu na klipu, hiyo kofia haifungi, na nibu yako inakauka hata ukiwa umelala. Nyingine zina tundu kabisa, zimetobolewa kiwandani. Naziba kwa tone la nta ya mshumaa kutoka ndani, kazi ya dakika tano, na nimeona kalamu zilizokuwa "hazitaki pigmenti" zikaanza kuitaka siku hiyohiyo. Kama unanunua mpya ya kujaribia chukua Platinum Preppy, ile ya 02 ndio ekstra fain na 03 ndio fain, si bei ya kukunyima usingizi na kofia yake ina kifuniko cha ndani chenye springi kinachobana nibu. Kumbuka tu fain ya Kijapani ni nyembamba kuliko fain ya Ulaya, usishtuke ukiona mstari kama unywele.

Sasa hizo lawama zingine nitapitia haraka.

"Si imeandikwa permanenti kwa chupa?" Imeandikwa, lakini hilo neno kila kampuni inalitumia vile inataka. Chupa za zamani za Quink zilikuwa na permanenti na za kuoshwa, na ile permanenti maana yake ilikuwa haififii haraka na haitoki kwa urahisi, si ati ukiiweka chini ya mfereji itakaa vile ilivyokuwa. Kuna pigmenti, kuna zile zinazoshikana na nyuzi za karatasi zenyewe kama Noodler's Black, ambayo watu wengi wanaiita pigmenti na si pigmenti, na kuna wino wa chuma. Usiamini chupa, andika mstari kwa karatasi unayotumia, acha mpaka kesho, halafu weka chini ya mfereji na usugue na kidole. Kwa karatasi ya kung'aa pigmenti inakaa juu tu na itasuguka hata bila maji, hiyo si kosa la wino, haikupata pa kuingia.

Wino wa chuma ndio ule wasajili wa ndoa Uingereza walitumia miaka na miaka, unaanza bluu halafu unakuwa mweusi ukikutana na hewa. Ati unatafuna nibu? Ule wa zamani wa asidi kali, ndio. Wa kisasa uliotengenezewa kalamu, kama Platinum Blue-Black, osha mara kwa mara na utakaa nao sawa. Lakini usiuchanganye na pigmenti hata tone, hata kwa kubadilisha haraka haraka. Asidi inavuruga ile dawa inayotenganisha chembe, zinaganda palepale ndani ya fidi, na hapo sasa ndio utapata hizo chembe kubwa mlizokuwa mnaniambia.

"Ni nzito, nimeongeza maji kidogo." Maji ya mfereji ama ya kisima yana chumvi, na chumvi pia inafanya chembe zigandane. Kama konvata, ile tangi ndogo ya wino ndani ya kalamu, imekauka nusu na rangi imekolea sana, tone la distilled, ile ya kujazia betri ya gari. Nasema distilled, si asidi ya betri, juu kwa petrol stesheni zinakaa rafu moja na mtu asiniletee kesi.

"Pigmenti inavuja." Hii naiskia kwa watu wa kusafiri tu, na ukiwauliza walipita wapi utapata ni Kericho kwenda Nakuru. Kisumu tuko mita 1,130 hivi, unapanda mpaka zaidi ya mita 2,000 huko juu kabla ushuke Nakuru, na hewa iliyo ndani ya konvata inapanuka ikisukuma wino nje. Wino wowote ungefanya hivyo, hata ule wa watoto wa shule, ila wa shule ukifua shati unatoka na pigmenti haitoki, ndio maana unaikumbuka. Safiri kalamu ikiwa imejaa kabisa ama haina kitu, nibu ikiangalia juu, na usiifungue huko juu Mau Summit ukiwa na shati jeupe.

Kuosha sasa. Spiriti hapana, inaweza kupasua plastiki. Maji moto hapana, fidi inapinda na ikipinda haikai tena chini ya nibu vizuri. Kiberiti hapana, hiyo ni tabia ya biro, mtu anapasha nibu moto ati wino uyeyuke, pigmenti haiyeyuki na moto na fidi ni plastiki, sijui mnafikiria nini. Maji baridi ama vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo kwa glasi, na bomba la sindano la chemist bila ile sindano yenyewe, unasukuma kupitia nyuma ya nibu mpaka maji yatoke meupe. Ikikataa, loweka usiku mzima na usukume tena asubuhi. Suuza sabuni yote itoke, halafu mara ya mwisho distilled kama unayo. Fanya hivi kila ukijaza mara mbili tatu, usingoje ianze kukwama, na kama unajua hutaiandikia wiki mbili ioshe uiweke tupu. Hakuna dawa kubwa kuliko hiyo na ndio ile hamtaki kuskia.

Kujaribu kwenyewe, kama hujawahi, usianze na kalamu ya pesa nyingi na usianze na ya pistoni yenye mwili wa kuona ndani kama kioo, itabaki na kivuli ndani hata ukiosha. Anza na inayofunguka, nibu na fidi zinachomoka kwa vidole, konvata inatoka. Jaza robo tu ya konvata, si yote. Geuza chupa polepole mara kadhaa kabla ya kuvuta, kwa sababu pigmenti inalala chini, lakini usiitikise ikatoa povu. Iandikie kila siku hata kama ni orodha ya sokoni, na ukinyamaza zaidi ya dakika rudisha kofia. Na si lazima iwe nyeusi, De Atramentis Document ziko rangi nyingi na zenyewe kwa zenyewe zinachanganyika, Sailor wana bluu mbili nzuri, Platinum wana kahawia.

Zile kalamu za Hero za zamani zenye nibu iliyofichwa ndani, ambazo wazee wengi wako nazo na wanaziamini, hizo mimi nakataa. Si ati pigmenti haitapita, itapita vizuri kabisa, na nibu ikiwa imefunikwa hata haikauki haraka. Shida ni siku itakapokauka: nibu haichomoki bila kufungua kichwa chote, mpira wa ndani umeshazeeka, na nikivuta kidogo unapasuka. Mzee, ile yako tia wino wa kawaida. Ukitaka permanenti ya kuwekea sahihi, nunua Preppy uiweke kando yake.