Redio ilisema itanyesha, mbona kwangu kukavu?

Kila Machi, kuanzia Njoro hadi Bungoma, utasikia lawama ile ile: hao wa hali ya hewa ni waongo. Mara nyingi msikilizaji alisikia nusu.

Dhana: "Mvua juu ya wastani" maana yake mahindi yatanawiri.
Hapa ndipo pesa hupotelea. Utabiri wa msimu hutaja jumla ya mvua ya Machi hadi Mei ukilinganisha na kawaida ya eneo, tena kwa uwezekano tu. Msimu unaweza kuwa na mvua tele na bado jua likawaka wiki mbili mfululizo, majani yakajikunja wakati mahindi yanatoa ndevu. Mkulima atafute yale ambayo wengi huyaruka: mvua itaanza lini, itakoma lini, na kama kuna onyo la vipindi vya ukavu. Mvua moja ya kishindo ikifuatwa na jua, mbegu huota ikafa, na kununua pakiti nyingine si mchezo. Chimba kwanza. Ikiwa udongo umelowa juu juu tu na utabiri wa siku saba hauna mvua, ngoja.

Dhana: Kama Ahero hakunyeshi, Ahero hakuna mafuriko.
Mto Nyando hubeba maji kutoka milima ya Nandi. Mwenye mpunga Ahero asikilize utabiri wa Nandi kama anavyosikiliza wa Kisumu.

Dhana: El Niño ikitangazwa, mvua ni ya mwaka mzima.
La. Huku kwetu nguvu yake huonekana hasa Oktoba hadi Desemba. Kwa masika haitabiriki vizuri.

Dhana: Ishara za wazee na sayansi haviketi meza moja.
Bunyore, Vihiga, vimeketi. Wazee wa ukoo wa Nganyi husoma miti, wadudu na ndege, kisha hulinganisha na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa na kutoa ujumbe mmoja. Mimi naona huo ndio utabiri unaoaminika kijijini.

Dhana: Ukishapanda, utabiri hauna kazi.
Ukitia mbolea ya CAN leo na kesho mvua kubwa ije, umelisha mto. Na wakati wa kuvuna, siku chache za jua ndizo zitakazoamua kama mahindi yako kwenye turubai yatashuka hadi unyevu wa asilimia 13.5, ama yataingia kuvu wenye sumu ya aflatoksini.