Je, wajua kwa nini kuna ua la milimani linaloitwa "lililofufuka"?

Tarehe 1 Julai 1806, mpelelezi Mmarekani Meriwether Lewis alikuwa kambini Travelers' Rest, katika bonde la mto Bitterroot, Montana ya leo. Yeye na wenzake walikuwa njiani kurudi kutoka pwani ya Pasifiki. Hapo alichimba mimea midogo yenye maua ya rangi ya waridi, akaibana kati ya karatasi ikauke, kisha akaendelea na safari. Ilipofika Philadelphia ilikuwa imekauka kau. Hata hivyo mizizi yake ilionyesha dalili za uhai, ikapandwa katika bustani ya Bernard McMahon, mkulima wa maua wa mji huo. Ikachipua, na ikaishi zaidi ya mwaka mmoja!

Mtaalamu wa mimea Frederick Pursh, aliyepewa kazi ya kuichunguza mimea ya safari hiyo, aliutangaza mmea huo mwaka 1814 kwa jina la Lewisia rediviva. Lewisia ni kwa heshima ya aliyeuchimba. Rediviva ni Kilatini, maana yake uliorudi kuwa hai.

Kisa cha pili kinanishangaza hata zaidi. Mmea wa spishi hiyohiyo ulichimbwa British Columbia, Kanada ya leo, na kwa kuwa sifa yake ya kutokufa ilikwisha julikana, ukatumbukizwa katika maji yanayochemka kabla ya kukaushwa. Mwaka mmoja na nusu baadaye ulionekana bado u hai, na Mei 1863 ukachanua katika bustani ya Kew, Uingereza.

Siri iko chini ya ardhi. Makazi ya Lewisia rediviva ni changarawe na nyufa za miamba magharibi mwa Amerika Kaskazini, mahali ambapo maji huja na theluji na mvua za masika, halafu kiangazi hukausha kila kitu kwa miezi kadhaa. Mmea haushindani na ukame. Huukwepa kwa kulala. Unyevu ukiwapo, vijani vyake vyembamba mithili ya sindano, lakini vyenye nyama, hufanya kazi haraka, na chakula huwekwa akiba katika mizizi minene iliyojaa wanga. Ua linapofunguka, majani tayari yananyauka, hivyo mtu huona ua pana limekaa juu ya mawe matupu, kana kwamba limechipuka kwenye jiwe lenyewe. Mbegu zikishapukutika, sehemu yote ya juu hutoweka. Mzizi husubiri. Kwa mzizi wa namna hiyo, karatasi za Lewis zilikuwa kiangazi kirefu tu.

Wenyeji wa eneo hilo, Wasalishi miongoni mwao, waliifahamu akiba hiyo zama na zama. Wao huichimba mizizi majira ya kuchipua, kabla ua halijafunguka, wakati ganda lake hubanduka kwa urahisi na uchungu haujazidi. Lewis aliwahi kuionja mwaka 1805, na uchungu ule ulimshinda.

Jenasi nzima ya Lewisia, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ina spishi zisizofika 20. Wakulima wa bustani za miamba wanaipenda zaidi Lewisia cotyledon, ya milima ya mpakani mwa Oregon na California. Hii haipotezi majani. Huyapanga duara chini na kutoa vishada vya maua ya waridi, meupe, ya chungwa au yenye mistari. Baridi haiitishi. Kinachoiua ni maji yanayotuama shingoni, pale majani yanapokutana na mzizi, kwa kuwa hapo huoza upesi. Ndiyo maana hupandwa kwa ubavu katika ufa wa ukuta wa mawe, maji yateremke yenyewe, na shingo huzungushiwa changarawe.

Kwa Lewisia rediviva sharti ni kali zaidi: maua yakiisha, acha kabisa kumwagilia. Chungu kitaonekana kina mchanga mtupu, na mimea mingi hutupwa wakati huo. Usiutupe. Kiweke mahali pakavu penye jua, uanze tena kumwagilia kidogo kidogo joto la kiangazi likipungua, na vijani vitachomoza katikati ya changarawe.