Kubonyea si kupinda

Nimechoka kulirudia hili, lakini nitalirudia: kiatu laini si lazima kiwe kiatu kinachopinda, na kiatu kinachopinda si lazima kikufae.

Mwezi uliopita alinijia mkimbiaji anayeumwa kiungo cha kidole gumba cha mguu, pale shinani. Kiungo kilishaanza kukakamaa. "Daktari, nimenunua raba laini kuliko zote, mbona naumia zaidi?" Nikazishika. Soli ilibonyea vizuri. Nilipokunja, ncha ikakaribia kisigino. Basi ndiyo hiyo! Kila anapojisukuma mbele soli inakunjika, na kidole kibovu kinakunjwa nayo, maelfu ya mara katika mbio moja. Alihitaji soli inayokataa kupinda, iliyonyanyuka kidogo mbele ili mguu ubingirike.

Neno "kigumu" ndilo linalotuponza. Tunalitumia kwa povu lisilobonyea mguu unapotua, tena kwa soli isiyopinda kisigino kinapoinuka. Mambo hayo mawili hayategemeani. Raba za mashindano zenye bamba la kaboni (kibao chembamba kikakamavu ndani ya soli) zina povu laini ajabu, na kuzikunja kwa mkono ni kazi. Kiatu chembamba cha mpira mgumu hakibonyei, ila unaweza kukiviringisha kama mkeka.

Soli ikikataa kupinda, kazi haipotei, inahama. Kidole kinapumzika, lakini mguu unasukuma ardhi mbele zaidi, mbali na kifundo, kwa hiyo shavu la mguu linavuta kwa nguvu zaidi. Tena kidole gumba kinapoinuka huukaza utando wa unyayo na kuunyanyua upinde wa mguu, kama kamba inayozungushwa kwenye roda; mtafiti wa mguu J. H. Hicks alilieleza hilo mwaka 1954. Ukikizuia kidole, unapunguza mvuto huo. Mwenye kiungo kibovu atashukuru. Mwenye kano ya Achilles iliyowaka, ile inayounganisha shavu la mguu na kisigino, simpi kiatu hicho.

Na bamba la kaboni halikurushi kama springi. Vaporfly, raba ya mbio ya Nike yenye bamba hilo, ilipotoka mwaka 2017 macho yote yalikuwa kwenye kaboni. Baadaye watafiti walilikata bamba hilo sehemu ya mbele, soli ikalegea, na nishati anayotumia mkimbiaji haikubadilika kwa kiasi cha maana. Sehemu kubwa ya kazi inafanywa na povu.

Kuhusu starehe: soli kakamavu isipopinda, kisigino huchomoka nyuma na kuota malengelenge. Watu hudhani saizi ni kubwa, wananunua ndogo, vidole vinabanwa. Fungeni kamba hadi tundu la mwisho kwanza.

Zamani nilikuwa nampangia mtu kiatu kwa kutazama umbo la unyayo wake, kwa uhakika kabisa. Sifanyi hivyo tena. Nimewaona wawili wenye tatizo lilelile, kiatu kilekile, mmoja akapona, mwingine akazidiwa. Hata kukunja kiatu kwa mkono kunaniambia kidogo tu, kwa sababu mguu wa anayekimbia hukipa mzigo mara mbili au tatu ya uzito wa mwili. Siku hizi naomba mtu akimbie nacho mbele yangu, kwa kasi yake ya kawaida. Kiatu kilichokuwa kama ubao akitembea mara nyingi hulegea akikimbia, na hapo ndipo namuuliza kidole kinasemaje.