Maana ya kuchelewa kuanza matibabu ya saratani ya matiti kwa mwanamke wa kijijini

Vikwazo vya kuanza matibabu ya saratani ya matiti ni mambo yote yanayorefusha muda kati ya siku mwanamke anapohisi badiliko katika titi lake na siku anapopata tiba ya kwanza, pamoja na yale yanayomfanya asiipate kabisa. Tiba ya kwanza hapa ina maana mahususi: ni upasuaji, dawa ya saratani inayotiwa mshipani, mionzi, au vidonge vya kuzuia nguvu ya homoni kama tamoksifeni. Kuonana na daktari, kupigwa picha na kutolewa kinyama cha kupimwa havihesabiwi kuwa matibabu. Kwa hiyo mwanamke anaweza kuwa amekwenda hospitali mara sita, ametumia akiba yote ya nyumbani, naye bado hajaanza kutibiwa.

Neno kuchelewa lenyewe lina historia inayofaa kujulikana. Mwaka 1938 madaktari wawili wa Marekani, Pack na Gallo, waliandika makala iliyouliza ni nani wa kulaumiwa pale saratani inapocheleweshwa kutibiwa. Waliamua kwamba mgonjwa aliyekaa miezi 3 au zaidi tangu dalili ya kwanza bila kumwona daktari amechelewa, na wakaweka kipimo kifupi zaidi kwa daktari aliyekwisha kumpokea. Kipimo cha miezi 3 kimedumu katika tafiti hadi leo, na kwa bahati mbaya ile hewa ya lawama imedumu pamoja nacho. Mpaka sasa, mwanamke akifika na kidonda kilichopasuka, swali la kwanza analoulizwa ni kwa nini alikaa nacho muda wote huo. Naona swali hilo linamwonea, kwa sababu huchukulia kwamba muda wote uliopita ulikuwa mikononi mwake. Ndiyo sababu watafiti wengi sasa hupendelea kuugawa muda huo katika vipande vitatu na kuuliza, kwa kila kipande, ni nini kilichomzuia.

Kipande cha kwanza ni tangu anapohisi badiliko hadi anapolipeleka kwa mhudumu wa afya. Anaoga, mkono unapita pembeni ya titi, vidole vinagusa kitu kigumu kama kokoto chini ya ngozi. Anakibonyeza, hakiumi. Hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa mtu hufundishwa na maisha kwamba ugonjwa ni maumivu, ilhali uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi mwanzoni. Mwili unaoweza kulima, kuteka maji na kubeba mtoto huhesabiwa kuwa mzima. Baadaye, akishaanza kuingiwa na wasiwasi, huja hofu ya kukatwa titi na hofu ya kifo, nayo hofu hii ya pili haitoki hewani: pale ambapo wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeenea, majirani wameona watu wakienda kutibiwa na wasirudi, na kutokana na hayo wanajifunza kwamba hospitali ndiyo inayoua. Hofu ya namna hiyo haiondolewi kwa bango la ukutani. Inapungua pale mwanamke aliyepona anapoonekana kwa macho, akiishi miongoni mwao.

Kipande cha pili ni tangu anapofika kituo cha kwanza hadi ugonjwa unapothibitishwa. Mhudumu wa kituo kidogo huona saratani ya titi mara chache sana katika kazi yake, kwa hiyo uvimbe wa mwanamke anayenyonyesha huitwa maziwa yaliyoganda, mwingine hudhaniwa kuwa jipu, na dawa za kuua bakteria hutolewa mara moja, kisha mara ya pili. Anapoandikiwa rufaa, ndipo safari zinapoanza kuhesabika: ya kuonwa, ya picha, ya kutolewa kinyama, ya kufuata majibu, na mara nyingi ya kuyafuata tena kwa sababu hayakuwa tayari.

Kinyama hicho kinastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndani yake umo ucheleweshaji ambao mgonjwa hawezi kuuona wala kuuzuia. Kinapotolewa kwa sindano nene kinapaswa kutiwa kwenye formalini, dawa ya maji inayokihifadhi kisioze, ndani ya saa moja, na kikae humo kwa muda wa saa 6 hadi 72 kabla ya kuandaliwa kwenye maabara. Kikikaa kwenye rafu kikisubiri gari la kwenda mji wenye mtaalamu wa patholojia, yaani anayechunguza kinyama kwa darubini, siku zikapita kupindukia kiwango hicho, kipimo cha vipokezi vya homoni (sehemu za chembe ya saratani zinazoshika homoni) na cha HER2 (protini inayochochea saratani kukua) kinaweza kutoa jibu la kupotosha. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoamua dawa gani itamfaa. Hivyo umbali unaweza kumnyima hata tiba iliyo sahihi, au ukalazimu kipimo kirudiwe, na safari nyingine ikaongezeka.

Kipande cha tatu ndicho kisichozungumzwa vya kutosha, nacho ni muda kati ya jibu na tiba. Wengi hudhani kwamba mwanamke akishaambiwa ana saratani kazi iliyobaki ni ya hospitali. Kwa mkazi wa kijijini, hapo ndipo mzigo mzito unapoanza. Dawa za mshipani hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki 2 au 3, kwa miezi kadhaa. Mionzi hutolewa kwa kawaida siku 5 kwa wiki, kwa wiki 3 hadi 5 au zaidi, na hakuna anayeweza kwenda na kurudi kijijini kila siku kwa ajili ya dakika chache za kulala chini ya mashine. Anahitaji nauli, mahali pa kulala, chakula, na mara nyingi mtu wa kumsindikiza, ambaye naye anaacha kazi yake. Hata pale bima au serikali inapogharamia dawa, gharama hizi kwa kawaida hubaki kwake. Tiba inaitwa ya bure, naye hana uwezo wa kuifikia.

Kisha kuna nyumba anayoiacha. Nani atabaki na watoto, nani atavuna kabla mvua haijaharibu mazao, nani atamtazama mzazi mzee? Mara nyingi pia fedha na uamuzi wa kuuza mnyama au kipande cha shamba haviko mikononi mwake, bali mikononi mwa mume au ukoo, na kikao cha kuamua hungoja wahusika wote wapatikane. Katika siku hizo za kungoja, mganga au mhubiri aliye karibu ana mambo mawili ambayo hospitali ya mbali haina: yupo, na anamsikiliza kwa muda mrefu. Kumkataza asiende huko bila kumwekea mtu wa kuzungumza naye upande wa hospitali hakusaidii sana. Kuna pia wanaofika wakiwa tayari kwa kila kitu, wakakuta mashine ya mionzi imeharibika au dawa moja kati ya tatu haipo, wakaambiwa warudi mwezi ujao. Baadhi yao hawarudi, na kwenye faili huandikwa kwamba mgonjwa ametoroka matibabu.

Muda huu unahesabiwa kwa sababu una gharama ya uhai. Mwaka 1999 jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 87 zenye wagonjwa zaidi ya 100,000, ukaonyesha kwamba waliotibiwa miezi 3 au zaidi baada ya dalili ya kwanza walikuwa hai miaka 5 baadaye kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 12 kuliko waliowahi. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2020, uliogusa aina kadhaa za saratani, ulikuta kwamba kila wiki 4 za kuchelewesha upasuaji huongeza hatari ya kifo kwa asilimia 6 hadi 8. Shirika la Afya Duniani, lililoanzisha mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021, linataka uthibitisho wa ugonjwa ukamilike ndani ya siku 60 tangu mwanamke afike kituoni mara ya kwanza, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize matibabu yao. Siku 60 ni muda wa kutosha kwa anayeishi karibu na hospitali. Kwa mwenye safari tano mbele yake, huwa zimekwisha kabla kinyama hakijafika maabara.

Njia moja iliyoonyesha matunda ni ya kumpa mgonjwa mtu wa kumwongoza tangu shaka inapoanza hadi tiba. Daktari Harold Freeman aliianzisha mwaka 1990 huko Harlem, New York, kwa wanawake maskini wa mjini ambao umbali wao na hospitali haukuwa wa kilomita. Kazi ya mwongozaji ni kupanga miadi ya siku moja badala ya siku tatu, kufuatilia majibu, kumtafutia mgonjwa malazi, na kumpigia simu asipoonekana. Kijijini kazi hiyo inahitaji kuanzia kwenye barua ya rufaa, kwa sababu hospitali kubwa humjua mgonjwa siku anapofika, na asiyefika hana ukurasa wowote katika daftari lake. Anayejua kwamba mwanamke huyo yupo ni kituo kidogo kilichoiandika barua hiyo. Kikiwa na nakala yake, tarehe aliyopaswa kufika na namba ya simu ya mtu wa karibu naye, kitaweza kuuliza wiki inayofuata kama alifika, na kama hakufika, ni nini kilichomzuia.