Corda, aliyeipa chule jina la kitaalamu

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mtihani ulituuliza kuvu anayeleta chulebuni, yaani ugonjwa wa chule unaoozesha matunda ya kahawa, anaitwaje. Nikaandika kwa kujiamini kabisa: Colletotrichum Corda. Mwalimu akazungushia wino mwekundu na kuandika pembeni, "Corda ni mtu, si spishi." Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka nao, maana ningefanya nini?

Desturi yetu sisi tunaosomea kuvu na mimea ni kwamba jina la kuvu au mmea hufuatwa na jina la aliyelichapisha kwanza. Wengi huliruka. Hata mimi niliendelea kuliruka miaka mingi baada ya aibu ile, huku nikishinda maabara nachungulia matunda ya kahawa yaliyooza. Mpaka siku moja nikaamua kumtafuta huyu bwana.

August Carl Joseph Corda alizaliwa Novemba 1809 mjini Liberec, kaskazini mwa Bohemia, mji ambao Wajerumani waliuita Reichenberg. Leo hapo ni Jamhuri ya Cheki, lakini enzi zake palikuwa ndani ya Dola ya Austria, na vitabu vyake aliviandika kwa Kijerumani na Kilatini. Ndiyo maana vitabu vingine humwita Mcheki na vingine Mjerumani. Alifiwa na wazazi mapema, akasomea upasuaji Prague, na kipindupindu kilipoipiga Bohemia mwanzoni mwa miaka ya 1830 akawa miongoni mwa waliohudumia wagonjwa. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kwenye hadubini.

Mwaka 1831, akiwa na umri wa miaka 21 tu, alichapisha maelezo ya kuvu aliyemwona juu ya bua kavu la mmea wa jamii ya karoti. Akaunda jenasi mpya (kundi la spishi zenye undugu), Colletotrichum, na spishi hiyo akaiita Colletotrichum lineola. Jina la jenasi amelitoa kwenye Kigiriki, kwa maneno mawili: kilichogandishwa kwa gundi, na unywele.

Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Chukua tunda bichi la kahawa lenye doa jeusi lililobonyea. Liweke kwenye kisahani chenye karatasi iliyolowana, funika, subiri siku mbili tatu. Juu ya lile doa vitatokea vitone vidogo vya rangi ya waridi inayoelekea chungwa, vinavyong'aa kama utomvu. Kila kitone ni maelfu ya spora, vijimbegu vya kuvu, zilizoshikana kwa ute. Nywele nyeusi ngumu, zilizosimama kama sindano, kwenye kahawa huzioni kila mara, ila kwenye spishi ya Corda zimejaa tele. Gundi na unywele: kijana yule aliweka kwenye neno moja kile ambacho jicho lake lilikiona.

Na ule ute ndio unaoeleza shida nzima ya mkulima. Ukikauka unaganda, upepo hauwezi kuzipeperusha spora. Tone la mvua likigonga, ute unayeyuka, spora zinarukia tunda la jirani na kuteremka na maji hadi matawi ya chini. Ndiyo maana chulebuni hupamba moto wakati wa mvua, kwenye miinuko yenye baridi, na ndiyo maana bwana shamba anakusumbua upige dawa ya mrututu, yaani ya shaba, kabla matunda hayajashambuliwa. Corda hakuwa na habari ya haya. Wakati wake wasomi wengi waliamini kuvu ni matokeo ya mmea kuugua, si chanzo cha ugonjwa.

Chulebuni yenyewe ilionekana kwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, ikafika Tanzania miaka ya 1960. Mwaka mbaya inaweza kula robo tatu ya mavuno, hata zaidi, kama hukupiga dawa. Kuvu wake alipewa jina kamili mwaka 1993: Colletotrichum kahawae. Lisome tena taratibu. Neno letu la sokoni limetiwa mkia wa Kilatini, likaketi pembeni ya Kigiriki cha kijana wa Bohemia.

Corda hakubaki daktari. Katikati ya miaka ya 1830 alipata kazi ya kutunza mkusanyo wa wanyama kwenye Makumbusho ya Taifa mjini Prague, chini ya Kaspar Sternberg, bingwa wa mimea ya kale iliyogeuka mawe. Mchana ni wanyama na visukuku, muda uliobaki ni kuvu. Kuanzia 1837 hadi 1842 alitoa majuzuu matano ya Icones Fungorum, yenye michoro ya mamia ya kuvu, mingi ikiwa ya vitu visivyoonekana kwa macho matupu. Katika juzuu la kwanza yumo kuvu mweusi aliyemtoa kwenye karatasi ya ukutani katika nyumba moja ya Prague, akamwita Stachybotrys. Ndiye yule ukungu mweusi ambao leo wenye nyumba za Marekani hufikishana mahakamani kwa ajili yake.

Asidhani mtu namfanya Corda mtakatifu. Alikuwa na pupa. Alitunga majina kwa kasi, na mengine hayakudumu. Seli fulani zinazochomoza kwenye uyoga alizichukulia kuwa viungo vya kiume, kama chavuo za maua, akakosea kabisa. Hata hivyo, kati ya mchoro wenye kosa na maelezo ya kurasa tatu yasiyo na mchoro, nipe mchoro. Wenye mchoro nitaona mwenyewe pale alipokosea.

Mwaka 1848 aliondoka kwenda Texas kukusanya mimea. Mwaka uliofuata, akirudi Ulaya, alipanda meli iliyoitwa Victoria, na meli hiyo ikapotea baharini Septemba 1849 pamoja na yeye na mizigo yake. Hakuwa ametimiza miaka 40. Juzuu la sita la Icones lilikamilishwa na msomi mwingine, Zobel, na kutoka mwaka 1854.

Sampuli zake za zamani zilibaki salama kwenye makumbusho ya Prague. Mwaka 2009 watafiti waliokuwa wakipanga upya spishi za Colletotrichum waliirudia lineola yake. Ilibidi watafute pia kuvu hai wa kumlinganisha naye, wakampata kulekule Cheki, juu ya bua la mmea wa jamii ya karoti.