Kufaulu Kozi Si Ushahidi wa Kujifunza: Kupima Matokeo ya Masomo ya Msingi Chuo Kikuu

Masomo ya msingi, yaani yale ambayo kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza huyasoma bila kujali fani yake, huwekwa kwa matarajio kwamba mhitimu, awe mhandisi au mwanasheria, ataweza kuandika kwa ufasaha, kuchambua hoja na kutumia takwimu. Tathmini ya matokeo ya ujifunzaji huuliza kama matarajio hayo yametimia, na kusema kwamba wanafunzi wengi wamefaulu hakujibu swali hilo.

Alama ya kozi huchanganya mambo mengi: mtihani, mazoezi, mahudhurio, hata adhabu ya kuchelewesha kazi. Wanafunzi wawili wanaweza kupata B, mmoja kwa kukariri vizuri na mwingine kwa kujenga hoja vizuri, na daraja lisituambie nani ni nani. Hojaji nazo hueleza namna wanafunzi wanavyojiona. Zina faida, ila haziwezi kusimama peke yake.

Ushahidi wa moja kwa moja ni kazi ya mwanafunzi yenyewe. Chuo huchagua sampuli ya insha au ripoti kutoka kozi mbalimbali, huondoa majina ya wanafunzi na ya wahadhiri, kisha wasomaji wawili huipima kila kazi, bila mmoja kujua alichoandika mwenzake, kwa kutumia rubriki, yaani jedwali la vigezo linaloeleza kila kiwango kwa maneno. Rubriki za VALUE, zilizotolewa nchini Marekani mwaka 2009 na jumuiya ya vyuo ya AAC&U, zina viwango kuanzia 1 hadi 4, na waandaaji wake walieleza wazi kwamba hazikukusudiwa kutoa alama za kozi. Tahadhari hiyo husahaulika mara nyingi.

Kazi ngumu ni kuwafanya wasomaji waone kitu kimoja. Chukua kigezo cha matumizi ya ushahidi, na insha iliyonukuu vyanzo vitano kwa usahihi lakini ikavichukulia vyote kuwa na uzito sawa, makala ya utafiti na tangazo la kampuni vikiwa bega kwa bega. Msomaji mmoja ataipa 3 kwa sababu vyanzo vipo na vimetajwa ipasavyo. Mwingine ataipa 1 kwa sababu hakuna kilichopimwa. Ndiyo maana wasomaji hukaa kwanza na insha chache za mfano, wabishane na kurekebisha maneno ya rubriki kabla ya kuanza upimaji wenyewe. Kwa maoni yangu, mabishano hayo huwafundisha wahadhiri kuhusu ufundishaji wao kuliko jedwali la wastani litakalofuata.

Matokeo yakishapatikana, yasitumiwe kumhukumu mhadhiri mmoja mmoja, kwa kuwa sampuli haikuchaguliwa kwa lengo hilo, na wahadhiri wakihisi wanawindwa watawasilisha kazi bora tu. Kabla ya kuwalaumu wanafunzi, soma maagizo waliyopewa: mara nyingine hakuna mahali yalipowataka wapime uzito wa vyanzo. Hapo kinachorekebishwa ni maagizo, na upimaji unaofuata hutumia rubriki ileile, vinginevyo haitajulikana kama marekebisho yalisaidia.