“Nyinyi Si Mna Kiti Chenu?” Dhana Potofu Kuhusu Wanawake, Vyama na Pesa za Siasa

Mwanamke wa Kenya akitangaza kuwania ubunge, maneno ya kwanza anayoyasikia, mara nyingi kutoka kwa wazee wa chama chake mwenyewe, ni hayo: “Nyinyi si mna kiti chenu?” Wanamaanisha kile cha mwakilishi wa wanawake wa kaunti. Viti hivyo ni 47. Katiba ya 2010 iliviweka ili wanawake waongezeke bungeni. Haikuwafungia mlango wa maeneo bunge 290. Mwaka 2013 wanawake walioshinda maeneo bunge walikuwa 16, 2017 wakawa 23, na 2022 wakafika 29. Wanapanda, lakini 29 kati ya 290 bado ni kidogo mno.

“Adui wa mwanamke ni mwanamke.” Msemo huu unaniudhi kuliko yote, maana unamtwika mpiga kura lawama isiyo yake. Hakuna awezaye kuchagua jina lisilokuwa kwenye karatasi ya kura, na majina mengi ya wanawake hupotelea kwenye mchujo wa chama, tiketi zinapogawanywa. Wakifika debeni, wanaweza kushinda. Mwaka 2022 kaunti saba zilichagua magavana wanawake. Kwale ilimchagua Fatuma Achani, aliyekuwa naibu gavana tangu 2013, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza kaunti ya Pwani. Waliompa kura ni wake kwa waume.

“Wanawake hawajui kuchangisha pesa.” Njoo siku ya chama, hiki chetu cha kuchangiana. Mweka hazina anafungua daftari, anasoma majina moja moja, na kila jina linajibiwa kwa noti au kwa ujumbe wa M-Pesa ulioinuliwa juu aone. Aliyechelewa analipa faini papo hapo. Kwa daftari hilo tumelipa karo, tumesafirisha maiti, tumeezeka nyumba. Lakini mwenzetu alipotaka kuwania wadi, hakutuomba hata shilingi. Aliona haya. Kumchangishia mgonjwa ni utu. Kujichangishia mwenyewe, aliona, ni tamaa. Ada ya uteuzi ikamshinda, akabaki nyumbani, na mpinzani wake akaitisha harambee bila kupepesa jicho. Sisi tungemchangia, na hilo bado linaniuma. Mwaka 1955 Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed aliwafuata wanawake kwenye vikundi vyao vya ngoma na kuwaingiza kwa maelfu katika TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Hakuanza na chombo kipya. Alianza na watu waliokwisha kuaminiana.

“Pesa za chama ni za wakubwa.” Hapa ndipo wengi wetu hatujasoma sheria. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 iliunda hazina ya vyama inayotokana na kodi zetu. Chama kinachopata fedha hizo lazima kitumie angalau asilimia 30 kuinua uwakilishi wa wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na jamii ndogo. Tena chama ambacho zaidi ya theluthi mbili ya maafisa wake ni wa jinsia moja hakistahili kupata kitu. Kwa hiyo kila jina la mwanamke kwenye orodha ya maafisa lina thamani ya pesa kwa chama, hata kama mwenyewe hajui.

Ninamfahamu mama mmoja ambaye jina lake lilikaa kwenye orodha ya namna hiyo zaidi ya mwaka. Hakuwahi kuitwa kikaoni. Kwenye mikutano ya hadhara aliitwa kupokea wageni na kusimamia chai. Siku alipojua kwamba sheria inamruhusu mwanachama kukagua kumbukumbu za chama na kupata nakala, alivaa leso yake mpya akaenda ofisini, akakaa kwenye benchi, akaomba aone hesabu za ile asilimia 30. Walimwambia arudi wiki ijayo. Alirudi, na safari hiyo alikuja na wenzake tisa.